Shavu la mtoto limevimba, bado mnasubiri nini?

Nipo kitengo cha meno hapa Mtwara, na kila mwaka kabla korosho hazijauzwa naletewa watoto wa shule shavu limejaa, ukimuuliza mama imeanza lini anakwambia wiki ya pili hii.

Swali: Si meno ya utoto, yatang'oka yenyewe?
Jibu: Yatang'oka lini? Magego ya utoto yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12. Halafu kuna gego linaota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka 6 hivi, hilo ni la ukubwani, likioza ndo basi, ila wazazi wengi wanadhani nalo la utoto.

Swali: Eti jino lililovimba haling'olewi mpaka uvimbe ushuke?
Jibu: HAPANA. Huo ni usaha unatoka kwenye mzizi na hautaisha mpaka jino lenyewe lishughulikiwe. Antibayotiki za kujinunulia dukani zinatuliza siku mbili tatu, mnafurahi, kisha unarudi vibaya zaidi. Msisubiri ushuke. Ukiona unaenda chini ya taya au shingoni, jicho linafumba, ana homa, mdomo haufunguki, mate hamezi, ni hospitali usiku huohuo, njia ya hewa inaweza kuziba.

Swali: Maji ya betri si yanaua mdudu wa jino?
Jibu: Hakuna mdudu. Ni asidi ile, inaunguza ulimi na fizi. Jamani acheni.

Swali: Na watoto waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji?
Jibu: Tangu vita ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ianze 2017 wapo waliokaa muda mrefu bila shule wala kupimwa, na mswaki nani anaukumbuka akikimbia risasi. Umepokea ndugu, mfungue mtoto mdomo utazame. Ila cha ajabu, vita kuu ya pili Uingereza sukari ilikuwa kwa mgao toka 1940, Norway na Japan nako ikawa adimu, na meno ya watoto yakaoza kidogo kuliko zamani. Sisi huku hatuna mgao, mapumziko ya saa nne ni barafu za rangi na ubuyu wa sukari, jioni analala bila kupiga mswaki!

Swali: Nasubiri mnada wa korosho nipate hela.
Jibu: Usisubiri, shavu likivimba leo mlete leo. Kama huna kitu, ulizia ustawi wa jamii palepale hospitali, wakuone.