Hiyo ni picha ya profaili, si avata

Wiki hii nimekutana mara tatu na maneno ya namna moja. Wa kwanza alisema amebadilisha avata yake, ameweka gitaa kwa kuwa anapenda muziki. Nikanyamaza. Wa pili aliita avata picha yake ya paspoti, shati jeupe na tai. Nikanyamaza tena, ingawa kwa shida. Wa tatu ameweka kamera, na ameniuliza kama avata hiyo inaonyesha vizuri hobi yake. Huyu sikuweza kumnyamazia.

Avata ni umbo unalolivaa mtandaoni au kwenye mchezo wa kompyuta, likaonekana na kutenda badala yako. Laweza kuwa mtu wa kuchorwa, mnyama, roboti au kiumbe kisicho na jina, mradi aliyemo ndani yake ni wewe. Picha ya profaili ni picha yoyote iliyokaa kando ya jina lako: ua, gari, mtoto wa dada yako, machweo. Avata yaweza kutumika kama picha ya profaili. Kinyume chake mara nyingi hakisimami.

Kinachonikera zaidi ni kwamba neno lenyewe limebeba maana yake wazi, ukiligusa tu inamwagika. Limetoka katika Kisanskriti, avatara. Kiambishi ava kina maana ya kwenda chini, na mzizi unaofuata una maana ya kuvuka. Avatara, basi, ni kushuka: kuvuka kutoka juu kuja chini. Katika dini ya Kihindu ndilo neno la mungu anaposhuka duniani akiwa na umbo fulani, na anayetajwa zaidi kwa hilo ni Vishnu. Orodha iliyozoeleka ina maumbo yake kumi, wakiwemo Rama na Krishna, na wa kumi, Kalki, bado anangojewa.

Sisi tunalo neno umwilisho, ambalo wengi wamelisikia kanisani, na wapo wanaosema hilo ndilo avatara kwa Kiswahili. Yanakaribiana, lakini hayatazami upande mmoja. Umwilisho umejengwa juu ya mwili, yaani kile kinachovaliwa. Avatara imejengwa juu ya safari, yaani yupo aliyeshuka. Ukisema avata, papo hapo unadaiwa jibu: ni nani aliyeshuka humo? Ndani ya gitaa hakuna aliyeshuka. Ni gitaa.

Hapa mtu ataniambia kwamba Vishnu mwenyewe aliwahi kuwa samaki, sasa mvuvi akiweka samaki kuna ubaya gani? Hoja nzuri, na jibu lake ndilo utamu wa jambo hili. Umbo la samaki, Matsya, lilikuja wakati wa gharika, likamwokoa Manu, babu wa wanadamu katika masimulizi ya Kihindu. Kobe, Kurma, alibeba mlima mgongoni bahari ilipokuwa ikisukwasukwa. Nguruwe mwitu, Varaha, aliinyanyua dunia kutoka majini. Kila umbo lilichaguliwa kwa kazi iliyokuwa mbele yake. Samaki wa mvuvi hana kazi; amening'inia kwenye ndoano, na mvuvi yuko pembeni anajivunia. Hiyo ni nembo ya hobi. Nembo inasema unapenda nini, ilhali avata inakuonyesha wewe ukiwa humo.

Wengine wanadhani neno limezaliwa na ile filamu ya James Cameron ya 2009, Avatar, na kwamba avata ni wale viumbe warefu wa rangi ya buluu. Sivyo. Wale ni Wana'vi. Avata humo ni mwili uliotengenezwa mfano wao, ambao binadamu aliyelala kwenye mtambo anauongoza kwa mbali. Kwa kweli filamu hiyo imelitumia neno kwa usahihi kuliko sisi tunaoitazama.

Kwenye kompyuta neno liliingia mapema kuliko hapo. Mwaka 1985 Richard Garriott alitoa mchezo wake Ultima IV, ambamo mchezaji anatafuta kuwa Avata. Hakutaka mchezaji aongoze kikaragosi tu. Alitaka mtu mwenyewe ndiye awemo, hata matendo yake mema na maovu yahesabiwe kuwa yake. Mwaka 1986 ukaja mchezo wa Habitat wa kampuni ya Lucasfilm Games, uliobuniwa na Chip Morningstar na Randy Farmer, ambamo watu wengi walikutana kwa njia ya simu wakitumia kompyuta za Commodore 64. Humo avata lilikuwa jina la yule mtu mdogo kwenye skrini, anayetembea, kuongea na hata kubadilishwa kichwa. Riwaya ya Neal Stephenson, Snow Crash, ya 1992, ikalisambaza. Ilikuwa baadaye ndipo wajenzi wa tovuti wakaliita avata lile dirisha dogo la picha, na mkanganyiko ukaanza. Kwa hiyo siwalaumu sana wanaokosea. Wamefundishwa na kitufe walichobonyeza.

Nikiwa kwenye lawama, na neno hobi nalo lina visa vyake. Shuleni wengi tuliandika insha za "uraibu wangu", tukimaanisha jambo tulipendalo wakati wa mapumziko. Leo ukisema una uraibu wa kuchora, msikilizaji anaweza kukutafutia mshauri nasaha. Nitabaki na hobi.

Avata inayoakisi hobi, basi, hutengenezwaje? Anza na mwili, kifaa kifuate. Mkulima wa bustani awe na udongo kwenye magoti. Mshonaji ashike sindano kwa meno. Mchezaji sataranji ainamie ubao, kiganja shavuni, kwa sababu ndivyo wanavyokaa. Ukipenda kuwa kobe, kuwa kobe, ila awe kobe afanyaye ufanyacho, na anayetazama ajue kuna mtu humo ndani. Haihitaji kufanana na uso wako hata kidogo, na wengi huvaa avata hasa ili uso usionekane. Kumbuka tu kwamba mara nyingi dirisha lenyewe ni dogo kama kifungo cha shati. Ukirundika gitaa, baiskeli, vitabu na paka, kitakachoonekana ni doa.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu wa kamera. Picha yako ni safi, mwanga umekaa vizuri, na yeyote atajua unachopenda. Iache hapo hapo ilipo, uiite picha ya profaili. Siku ukichora mtu aliyefumba jicho moja nyuma ya kamera hiyo, pumzi ameibana, kidole kiko tayari, niletee niione avata yako.