Mtoto Akifariki Kabla ya Kubatizwa: Kanisa Linafundisha Nini, Mzazi Afanye Nini

Kila Kwaresima inapokaribia mwisho, maswali yanayofika ofisini kwetu huwa ya namna mbili. Wapo wazazi wanaotaka mtoto abatizwe Jumapili hii hii, wadhamini wapatikane wasipatikane, kwa sababu bibi ameshasema mtoto asiye na ubatizo akifa haingii peponi. Na wapo ambao mtoto ameshaanza skuli ya maandalizi hajabatizwa, wala hawaoni haraka, kwa kuwa "Mungu anaangalia moyo." Wa kwanza wana hofu, wa pili wamestarehe, lakini wote wamekosea mahali pamoja: hawajajiuliza ulazima wa ubatizo umewekwa juu ya nani.

Makala haya yanaeleza mafundisho ya Kanisa Anglikana. Pale ambapo Wakristo wenzetu wa Unguja na Pemba wanafundisha vingine, tutasema.

Mstari unaotajwa kuliko yote ni Yohana 3:5: "Mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho, hawezi kuuingia ufalme wa Mungu." Ni neno zito na hatulipunguzi. Lakini Marko 16:16 inasema, "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Isome tena nusu ya pili. Hukumu imefungwa kwenye kutoamini, haikuandikwa "asiyebatizwa". Mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu aliambiwa, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43), na pale msalabani hapakuwa na maji wala wa kumbatiza. Kornelio na jamaa zake walishukiwa na Roho Mtakatifu Petro akiwa bado anasema, kabla ya tone moja la maji. Wanaodai kwamba ubatizo ni desturi tu hufunga Biblia hapo. Wasiifunge. Mistari michache mbele Petro anauliza ni nani awezaye kukataza maji, kisha anaamuru watu wale wale wabatizwe (Matendo 10:47-48). Roho alikuwa ametangulia, na maji bado yalitakiwa.

Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ni mzizi wa ibada za Kianglikana, kinasema jambo hili kwa uangalifu ambao watu wengi huuruka. Katika ubatizo wa watu wazima, Injili inayosomwa ni ile ya Yohana 3. Mara tu baada ya somo, kasisi anawaambia wanaobatizwa kwamba hapo wanaona ulazima mkubwa wa sakramenti hii, pale inapopatikana. Maneno hayo mawili ya mwisho, "pale inapopatikana", ndiyo yanayobeba fundisho zima. Kwa watoto wachanga, somo la Injili katika kitabu hicho si Yohana 3. Kinasoma Marko 10, Yesu anapowakasirikia wanafunzi kwa kuwazuia watoto: "Waacheni watoto wadogo waje kwangu." Kisha mwishoni mwa ibada kinatamka kwamba mtoto aliyebatizwa akafa kabla ya kutenda dhambi yake mwenyewe, hakika ameokoka. Kuhusu mtoto asiyebatizwa, kitabu hakisemi kwamba amepotea. Kimenyamaza, na ukimya huo haumpi mtu yeyote ruhusa ya kuujaza kwa vitisho.

Kwa hiyo ulazima ni amri kwetu: kwa mzazi, kwa kasisi, kwa mtu mzima aliyeamini. Haumfungi Mungu mikono. Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika Kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1604. Kanuni ya 69 inahusu kasisi aliyepewa habari kwamba mtoto yu mahututi, akakataa kwenda kumbatiza, au akachelewa makusudi au kwa uzembe mkubwa, na mtoto akafa bila ubatizo. Kasisi huyo alisimamishwa huduma kwa miezi 3, na hakurudishwa mpaka akiri kosa lake mbele ya askofu na kuahidi kutorudia. Angalieni adhabu imemwangukia nani. Ni mchungaji aliyezembea ndiye aliyehukumiwa. Juu ya mtoto hakuna hata sentensi moja.

Hofu ya akina bibi nayo haikuzuka hivi hivi. Mtakatifu Augustino, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba watoto wasiobatizwa hubaki na hatia ya dhambi ya asili, ingawa adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Baadaye walimu wa Kanisa la Magharibi wakaweka wazo la mahali pa pembeni, pasipo mateso wala kumwona Mungu. Wakatoliki hawakulifanya wazo hilo kuwa fundisho rasmi la imani. Katekisimu yao ya mwaka 1992 inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na inaeleza kwamba Mungu ameufunga wokovu kwenye ubatizo lakini Yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Hapo sisi na wao hatuna ugomvi. Makanisa ya Kipentekoste na Waadventista hawabatizi wachanga, ila hufanya ibada ya kumweka mtoto wakfu na kungoja aamini mwenyewe. Na Pemba wamekuwepo Marafiki, yaani Wakristo wa dhehebu la Quaker, waliofungua misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, mwaka 1897, ambao hawatumii maji kabisa. Kwao ubatizo ni wa Roho, ndani ya mtu. Tunaamini wamekosa jambo ambalo Kristo aliliagiza. Hatuamini kwamba Mungu amewakosa wao.

Sasa tufike kwenye dharura, maana hapa ndipo makosa ya kweli hutokea.

Mtoto akiwa hatarini kufa na kasisi hawezi kufika kwa wakati, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza: mama, baba, shangazi, muuguzi. Sharti la kwanza ni ridhaa ya mzazi. Muuguzi Mkristo asimbatize mtoto wa mtu kwa siri wodini. Tunaishi visiwani ambako majirani na wagonjwa wengi ni Waislamu, na tendo la siri la namna hiyo ni kuvunja amana ya kazi, tena ni kumdhulumu mzazi. Hatulitetei hata kama nia ilikuwa njema.

Maji yawe maji. Ya bomba, ya kisima, ya mvua, ya bahari, hata yale ya visima vya pwani yenye chumvichumvi, yote yanafaa. Maji ya dafu hayafai, ingawa tunayaita maji. Hiyo ni juisi ya tunda. Marashi ya mawaridi hayafai, wala chai, wala maziwa, wala mafuta. Maji ya kujaza kikombe kimoja kidogo cha kunywea kahawa yanatosha na kubaki. Si lazima yawe yamebarikiwa.

Anayemimina maji ndiye anayetamka, na anatamka huku akimimina: "(Jina), nakubatiza kwa Jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina." Mara ya kwanza anapomtaja Baba, ya pili Mwana, ya tatu Roho Mtakatifu. Maji lazima yatiririke juu ya ngozi ya kichwa. Kosa tunalokutana nalo mara kwa mara ni pamba iliyoloweshwa ikapitishwa kwenye paji la uso; hiyo ni kufuta, si kubatiza, na inatuachia shaka isiyo ya lazima. Jingine ni kumwagia maji juu ya kofia ya sufu au kitambaa, yakaishia hapo. Jingine ni kugawana kazi, bibi anamimina na babu anatamka. Mtu mmoja afanye yote mawili.

Na iwe "nakubatiza". Katika Kiswahili herufi chache tu zinaitenganisha na "tunakubatiza", na familia ikiwa imekizunguka kitanda ulimi huteleza kwa urahisi kwenye wingi. Agosti 2020 Vatikani ilitangaza kwamba ubatizo wa "tunakubatiza" si halali, na waliobatizwa hivyo ilibidi wabatizwe. Waanglikana hatuko chini ya ofisi hiyo, lakini maneno yetu ni hayo hayo, na hakuna sababu ya kumwachia mtoto utata wa maisha kwa ajili ya silabi moja.

Mtoto njiti aliye ndani ya chombo cha joto huhitaji tahadhari zaidi. Mwombeni muuguzi kwanza. Maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kuwa vuguvugu, mililita 5 tu, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yanatosha kutiririka mara tatu. Maji baridi humshusha joto mtoto ambaye tayari anapigania joto. Kama kichwa kimefunikwa na vifaa, mimineni begani au kifuani, na mumweleze kasisi baadaye jinsi ilivyofanyika.

Baada ya hapo, andikeni. Karatasi yoyote: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi, tarehe na saa ya ubatizo, mahali, jina la aliyebatiza, na mashahidi wawili kama walikuwepo. Karatasi hiyo ifike parishi mapema, si baada ya miaka 7 wakati mtoto anajiandaa kwa kipaimara na shahidi pekee amehamia bara.

Mtoto akipona, aletwe kanisani. Kasisi atauliza nani alimbatiza, nani walikuwepo, kwa kitu gani, na kwa maneno gani. Majibu yakiwa sawa, mtoto anapokelewa mbele ya waamini na maji hayamiminwi tena. Tumelieleza hili mara nyingi na bado tunaombwa "tumkamilishie" ubatizo wake. Haukupungua. Ubatizo wa kikombe kando ya kitanda na ule wa kisima cha ubatizo cha kanisa kuu letu la Mkunazini ni mmoja. Shaka ya kweli ikibaki, kasisi hutumia maneno ya sharti: "Kama hujabatizwa, nakubatiza…" Maneno hayo si njia ya kuwaridhisha ndugu wanaotaka picha.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuwabatizi tena watu wazima wanaokuja kusema ubatizo wao wa utotoni ulikuwa wa maji machache. Wengi wao hushangaa wakiambiwa kwamba kitabu cha 1662 kinaagiza mtoto azamishwe majini, taratibu na kwa uangalifu, na kumimina kukawekwa kwa ajili ya mtoto dhaifu. Kuzamisha tunakukubali kabisa. Anayetaka kubatizwa baharini, na hajawahi kubatizwa, tutapanga naye, ila aangalie maji kwanza: pwani ya mashariki, Paje au Jambiani, bahari ikitoka wakati wa bamvua mtatembea sana kwenye mchanga na mwani kabla ya kupata maji ya kiunoni.

Kwa mtoto mwenye afya, utaratibu hauna ugumu. Kitabu cha 1662 kinaagiza wazazi wasichelewe kupita Jumapili ya kwanza au ya pili baada ya kuzaliwa. Leo hatuwabani hivyo, kwa sababu tunataka wazazi na wadhamini wafundishwe kwanza, lakini miaka minne ya kusubiri hadi mjomba apate likizo haina utetezi. Wadhamini ni watatu: mtoto wa kiume wanaume wawili na mwanamke mmoja, wa kike wanawake wawili na mwanamume mmoja. Wawe wamebatizwa na kupata kipaimara. Rafiki mpendwa asiye Mkristo anakaribishwa kwa heshima zote kwenye sherehe, ila hawezi kuapa kiapo cha imani asiyokuwa nayo, na kumwomba afanye hivyo ni kumkosea yeye.

Jina halina shida. Zawadi, Neema, Juma, Mwanaidi, yote yanabatizika. Hakuna sharti la jina la Kizungu. Ubatizo si akika ya Kikristo: hautolewi ili kumpa mtoto jina, jina analo tayari. La muhimu ni lifanane na lile la cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa hutolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na cheti chetu cha ubatizo hakichukui nafasi yake. Wanaotuomba tubadilishe mwaka wa kuzaliwa kwenye cheti cha ubatizo ili mtoto aendane na umri wa skuli au wa michezo, tunawajibu hapa hadharani: hatubadilishi. Kosa la kweli la mwandishi husahihishwa pembeni mwa daftari kwa sahihi na tarehe, bila kufuta maandishi ya awali. Kughushi cheti ni kosa la jinai, na anayekitumia akijua ni cha bandia naye ana kesi. Tukiulizwa na mamlaka kuhusu cheti, tunafungua daftari na kujibu kilichoandikwa.

Limebaki jambo moja, na tunaomba lisomwe polepole. Mtoto akishafariki, habatizwi. Sakramenti ni za walio hai. Mzazi aliyefika hospitalini na maji mkononi akamkuta mtoto ameshakata roho hajachelewa mbele ya Mungu. Sheria ya zamani ya kitabu cha 1662 ilikataza ibada ya mazishi isisomwe kwa asiyebatizwa, na ndiyo iliyozaa maneno kwamba mtoto huyo "hazikwi na kanisa". Ibada ile iliandikwa kwa maneno ya waliobatizwa. Haikuwa hukumu juu ya alipokwenda mtoto. Leo makanisa mengi ya Kianglikana duniani yana sala za mazishi kwa mtoto aliyefariki kabla ya ubatizo, na Wakatoliki wanazo pia tangu mwaka 1969.

Kwa hiyo mpigieni kasisi siku hiyo hiyo, hata usiku. Mpeni mtoto jina kama bado hamjampa, hata kama aliishi saa moja. Kasisi atakuja nyumbani, ataomba pamoja nanyi, na atakwenda nanyi makaburini. Katika daftari la ubatizo jina lake halitaandikwa, kwa sababu daftari hilo haliandikwi jambo ambalo halikutokea. Litaandikwa katika daftari la mazishi, kwa ukamilifu, pamoja na majina ya baba yake na mama yake.