Mtego wa dumuzi usiutundike kwenye kihenge

Kila msimu napigiwa simu na mkulima anayetaka kutundika mtego wa feromoni (harufu ambayo wadudu huitana nayo) mlangoni mwa ghala, dumuzi wanase kabla hawajaingia. Namwomba asubiri.

Dumuzi, au skania kama wengi wanavyomwita, ni mbawakavu anayetoboa mahindi ghalani, ana urefu wa milimita 3 hadi 4 na nusu tu. Mviringishe kiganjani umtazame: kifua kimemfunika kichwa kama kofia, na nyuma ni butu, kama aliyekatwa kwa kisu. Hana mdomo mrefu wa fukusi. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kwetu Tanzania alijulikana kwanza mkoani Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shika gunzi aliloliingia uone unga unavyokumwagikia.

Dume akishapata chakula hutoa harufu inayowaita wenzake, majike kwa madume. Jike akifika, dume huipunguza. Harufu hiyo ni kemikali mbili, nazo siku hizi hutengenezwa maabara na kutiwa kwenye kidonge cha plastiki. Ndicho chambo chetu.

Kwa hiyo chambo kinatangaza kwamba chakula kipo hapa. Wanaoitika ni dumuzi walio angani, wengine wakitoka porini, maana huyu huishi hata kwenye miti mikavu. Na si wote wanaoingia mtegoni. Wengi hutua jirani. Niliwahi kukuta mtego umening'inizwa chini ya paa la kihenge, gundi imejaa wadudu, mzee mwenye nyumba anafurahi. Tukashusha magunzi ya upande ule. Yalikuwa matundu matupu, ya upande wa pili bado mazima. Iliniuma sana.

Utundike mita 100 hivi kutoka ghalani na kwenye mahindi, juu ya mti wa kusimika, usawa wa kichwa. Hesabu kila wiki, andika. Idadi ikipanda ghafla, nenda ukakague kihenge siku hiyohiyo. Kazi ya mtego ni kukupa habari. Dumuzi aliyekwisha kujichimbia ndani ya punje haitiki wito huo, hivyo kinga yenyewe iko kwingine: kausha vizuri, pukuchua mapema (kwenye gunzi punje zimeshikana, naye hupata pa kujikita anapotoboa), kisha tumia mifuko isiyopitisha hewa au dawa ya unga yenye viuatilifu viwili. Piritroidi humwua dumuzi, pirimifosi-methili humwua fukusi. Kimoja peke yake hakitoshi.

Halafu, unapohesabu, tazama kama kuna mbawakavu mdogo mweusi anayeng'aa, mfupi kuliko dumuzi. Huenda ni Teretrius nigrescens, mla dumuzi, aliyeletwa kutoka Amerika na kuachiwa Togo mwaka 1991, Kenya 1992. Naye huifuata harufu ileile kutafuta windo. Mhesabu kando, na kama bado yu hai, mwachie.