Uangalizi wa skrini kwa mbali: maana yake kwenye kompyuta ya umma

Uangalizi wa skrini kwa mbali ni mtu kukaa kwenye kompyuta yake na kuona, muda uleule, kinachoonekana kwenye skrini ya kompyuta nyingine. Anayeangaliwa hahisi chochote, na kwangu mimi hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika dhana hii.

Hapa Mtwara haja yake utaikuta kwenye steshenari zenye kompyuta tano sita za kulipia, maktaba na vyumba vya kompyuta vya vyuo. Mhudumu yuko mbele anatoa kopi. Nyuma kijana anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, na jirani yake, mkulima wa korosho kutoka Nanyamba, anatafuta barua pepe aliyotumiwa na mwanawe, hajui abonyeze wapi. Badala ya kuacha mashine ya kopi kila mara, mhudumu anafungua dirisha dogo, anaona mtu alipokwama, anamwelekeza kwa mdomo.

Kwenye Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, kazi hii hufanywa sana kwa VNC, teknolojia iliyotoka kwenye maabara ya utafiti mjini Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Programu ya seva hukaa kwenye kompyuta inayoangaliwa, husoma picha ya skrini na kutuma zile sehemu tu zilizobadilika. Ndiyo maana ukurasa uliotulia hauchoshi mtandao, ila mteja akifungua video dirisha la mhudumu huanza kusuasua.

Seva nyingi za VNC kwenye Linux huanzisha skrini yao mpya, ambayo aliyeketi kwenye kompyuta haioni kabisa. Kwa kazi yetu hiyo haifai. Inayofaa ni x11vnc, kwa kuwa inaonyesha skrini ileile aliyonayo mteja. Inategemea X11, mfumo unaochora madirisha kwenye skrini ya Linux, ambao huiachia programu iliyokwisha kuruhusiwa isome skrini nzima. Wayland, mfumo mpya zaidi, umeziba mwanya huo: programu haichungulii madirisha ya wenzake bila ruhusa. Kwa hiyo x11vnc ikigoma kwenye Linux mpya, usihangaike na nyaya; weka Xfce, yaani mazingira ya eneokazi yanayotumia X11, uingie kwa hayo.

Nywila hutengenezwa kwanza kwa x11vnc -storepasswd, kisha seva inawashwa hivi kwenye kompyuta ya mteja:

x11vnc -display :0 -auth guess -viewonly -localhost -forever -rfbauth ~/.vnc/passwd

Maneno mawili hapo yasikosekane. La kwanza ni -viewonly: mhudumu anaona tu, hawezi kusogeza kipanya wala kuandika. Likiondolewa, uangalizi umegeuka kuwa kushika kompyuta ya mwenzako akiwa katikati ya kazi yake. La pili ni -localhost. VNC kawaida husikiliza kwenye mlango wa mtandao (port) namba 5900, na mtindo wake wa zamani hauifichi picha inayosafiri. Nywila nayo huishia herufi 8, zinazozidi hazihesabiwi. Mteja mwenye kompyuta mpakato kwenye Wi-Fi hiyohiyo ya duka anaweza kuinasa picha. Kwa -localhost mlango haufunguki kwa mtu wa nje, ila kwa anayepita kwenye njia iliyofichwa ya SSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa usalama. Kwenye kompyuta ya mhudumu unaandika ssh -L 5900:localhost:5900, ikifuatiwa na jina la mtumiaji, alama ya @ na anwani ya kompyuta ya mteja, kisha unafungua programu ya kutazamia kwa anwani localhost.

Hadi hapo ufundi umekwisha, na ni kazi ya mchana mmoja. Nilipoifanya kwenye duka moja, mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo pale mbele mnaiona barua yangu?" Nikamjibu, "Tunaiona, mzee." Akanyamaza, akaifunga barua. Ilikuwa ya matibabu yake.

Nywila anayoandika mteja kwenye tovuti huonekana kama vitone, hivyo mhudumu haioni, mradi mteja asibonyeze alama ya jicho. Vingine vyote vinaonekana: namba ya NIDA, mshahara, barua za hospitali. Hapo uangalizi wa skrini unaachana na kamera ya ukutani, ambayo Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye intaneti kafe waiweke. Kamera inaona nani ameketi; skrini inaonyesha ana shida gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka mtu aelezwe kwa nini taarifa zake zinachukuliwa. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kuwasha x11vnc kimyakimya kwenye kompyuta ya umma ni kupeleleza, hata kama nia ni kusaidia.

Dukani pale tulibandika karatasi juu ya kila skrini: "Mhudumu anaweza kuona skrini hii ili akusaidie. Hairekodiwi." Kompyuta ya mwisho, iliyo karibu na dirisha, tuliiacha bila x11vnc. Mwenye barua yake ya siri huketi hapo, na akikwama huinua mkono.