Galaksi huzaliwaje, na kwa nini nyingine huacha kuzaa nyota

Usiku wa giza wa mwezi Julai, toka mbali na taa za mji, kisha yapata saa nne inua macho. Ule ukanda mweupe unaokatiza anga ni Njia Nyeupe, galaksi tunamoishi, tukiitazama tukiwa ndani yake. Utaona una mabaka meusi, kana kwamba nyota za pale zimefutwa. Zipo, ila zimekingwa na mawingu ya vumbi na gesi baridi. Mabaka hayo ndiyo ya kuyatazama zaidi, maana humo ndimo nyota mpya huzaliwa, na maisha yote ya galaksi ni habari ya gesi hiyo: ilikusanyikaje, ilipoaje, iliisha lini.

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi, vumbi na maada giza, vyote vikishikwa pamoja na mvutano. Yetu ina nyota zisizopungua bilioni 100, na nuru huchukua miaka ipatayo 100,000 kuivuka toka ukingo hadi ukingo.

Baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8 iliyopita, karibu gesi yote ilikuwa haidrojeni na heli, imetandaa karibu sawasawa. Neno la kushika hapo ni "karibu". Palipozidi sehemu nyingine kwa uzito, hata kwa kiasi kidogo mno, paliendelea kuvuta vya jirani. Kazi kubwa ya kuvuta ilifanywa na maada giza, ambayo haitoi mwanga wowote. Tunaijua kwa uzito wake tu. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford, huko Marekani, walipima jinsi galaksi zinavyozunguka, wakakuta pembezoni kunakwenda kasi kuliko ambavyo uzito wa nyota zinazoonekana pekee ungeweza kupashikilia.

Gesi iliporomokea kwenye sehemu hizo zenye uzito mwingi, ikabanwa, ikapata moto. Gesi ya moto hutanuka, haikubali kubanwa tena. Ni sawa na mvuke wa sufuria: hauwi matone mpaka uguse mfuniko uliopoa. Kwa hiyo ilibidi gesi ipoteze joto kwanza, kwa kutoa mwanga, ndipo ishuke zaidi. Na kwa kuwa ilikuwa inazunguka, mzunguko uliizuia kuangukia katikati, lakini haukuizuia kushuka kutoka juu na chini. Ikalala bapa kama sahani. Hiyo ndiyo sababu tunaiona Njia Nyeupe kama mstari.

Mambo haya yalianza mapema kuliko wengi walivyotarajia. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeona galaksi zilizokuwa zinang'aa wakati ulimwengu haujatimiza hata miaka milioni 300.

Baada ya kuzaliwa, galaksi hukua kwa kumeza nyingine. Mwaka 2018, wataalamu waliotumia vipimo vya Gaia, chombo cha angani kilichopima mahali na mwendo wa nyota, walitambua kundi kubwa la nyota zetu zenye mwendo usiolingana na wa wenzao: ni mabaki ya galaksi iliyomezwa miaka ipatayo bilioni 10 iliyopita. Wageni hao wamo humu mpaka leo, na mwendo wao bado unawaumbua. Galaksi ndogo ya Sagittarius inaendelea kuraruliwa sasa hivi. Ajabu ni kwamba katika mapambano hayo nyota hupishana tu, hazigongani, kwa jinsi zilivyoachana mbali. Vinavyogongana ni mawingu ya gesi, na yakigongana, nyota huzaliwa kwa wingi.

Zama za uzazi mkubwa zilikuwa miaka bilioni 10 hivi iliyopita. Leo Njia Nyeupe huzalisha nyota zenye uzito wa jua moja au mawili kwa mwaka. Galaksi nyingine zimekoma kabisa. Nyota zake za buluu, ambazo hazidumu, zimekufa, zikabaki nyekundu zenye kuishi muda mrefu.

Usidhani kila iliyokoma imeishiwa gesi. Itazame galaksi ya M87, ambayo shimo lake jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali hata mwanga hautoki humo, lilipigwa picha iliyotolewa mwaka 2019. Imezungukwa na gesi tele, lakini shimo lile, lenye uzito wa majua bilioni 6.5, hurusha nishati inayoichochea gesi isipoe. Gesi ipo, ni ya moto mno kuwa nyota.