Je, wajua? Kokwa la parachichi haliilindi guakamole yako

Miaka na miaka mi nikimaliza kuponda guakamole, ile rojo ya parachichi ya Kimeksiko, nilikuwa nachukua lile kokwa la parachichi nalichomeka katikati ya bakuli, halafu naenda zangu na amani yote kwamba haitageuka rangi. Nani alinifundisha sikumbuki, ila wengine nimewafundisha mimi, tena kwa kujiamini. Na ukilinyanyua baada ya saa kadhaa unakuta chini yake pana duara la kijani safi kabisa, sasa hapo nani atakubishia?

Shida ni kwamba kuzunguka hilo duara kote ni kahawia. Siku moja kwa ubishi tu nikaosha jiwe la ukubwa uleule nikaliweka kwenye bakuli la pili, kesho yake chini ya jiwe nako kijani vilevile. Kumbe kokwa halitoi dawa yoyote, linaziba hewa pale lilipokaa basi, ni mfuniko mdogo kuliko chungu chake.

Ukiwa unakula vibichi vya mimea tupu, yaani chakula kisichopikwa wala kuwa na nyama, kwa staili ya Meksiko hili jambo linakuhusu sana. Tortila ya mahindi, ile chapati nyembamba ya kufungia taco, hupikwa, kwa hiyo taco unaifunga kwenye jani la saladi, nyama unaiigiza kwa walnati za kusaga na bizari ya pilau, ila guakamole haihitaji kuigiza kitu maana asili yake ni mbichi.

Sasa weusi unatoka wapi? Chukulia seli ya parachichi ni nyumba ya vyumba viwili. Chumba kimoja kina mafuta ya taa, hizo ni fenoli, kemikali za asili za tunda, kingine kina kiberiti, yaani kimeng'enya (kichocheo cha kemikali za mwilini mwa tunda) kinachoitwa polifenoli oksidesi. Tunda likiwa zima ukuta upo, majirani hawaonani. Ukipitisha uma umebomoa kuta kwa maelfu, vitu vimechanganyika, kinachosubiriwa ni hewa tu, na oksijeni ikifika fenoli zinageuzwa kuwa kwinoni, nazo zinashikana zenyewe kwa zenyewe mpaka inatokea rangi ya kahawia ya ukoo wa melanini, ndugu wa hiyo iliyo kwenye ngozi na nywele zako. (Moto wenyewe haupo, usitafute moshi.)

Mpishi wa jikoni angeua kimeng'enya kwa joto, lakini wewe wa vibichi huna njia hiyo, na hata ungekuwa nayo parachichi likipata moto sana huwa chungu.

Ndo hapo ndimu inapoingia. Asidi yake inakifanya kimeng'enya kife ganzi, na vitamini C inafanya kazi ya mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja: kila kwinoni ikitokea anairudisha kuwa fenoli, anachota, anachota, akichoka mtumbwi unazama. Kwa hiyo ndimu inachelewesha, haizuii milele. Kitunguu nacho kina misombo ya salfa inayokisumbua kimeng'enya, ila kwenye bakuli la nyumbani inasaidia kiasi gani mi siapi.

Cha kuchekesha, hiyo ndimu si ya kule. Jina guakamole limetoka Kinahuatl, lugha ya Waazteki, wenyeji wa Meksiko ya kale, ahuacamolli, mchuzi wa parachichi, na Waazteki walikuwa na nyanya na pilipili zao, ndimu, kitunguu na giligilani vililetwa na Wahispania baadaye.

Kinachofanya kazi kweli ni kunyima hewa uso wote. Shindilia kwa kijiko mapovu yatoke, lainisha juu, kisha laza nailoni ya chakula iguse guakamole yenyewe, si mdomo wa bakuli. Au mwagia maji taratibu yafunike juu kama sentimita moja, weka kwenye friji, wakati wa kula unayamwaga. Ikigeuka kahawia bado si sumu, kwangua tabaka la juu, chini kijani kipo.

Jiwe langu limesharudi uani, kokwa linaenda na maganda.