Kijana aliyepotea akishapatikana salama: "mahojiano ya kurudi" ni kitu gani na nani anatakiwa ayafanye

Waliopo kwenye magrupu ya WhatsApp ya Arusha na Moshi mnajua inavyoendaga. Picha ya binti wa form two inaanza kuzunguka asubuhi, yuko na yunifomu, chini kuna namba ya baba yake, "ametoweka tangu jana jioni maeneo ya Sakina, ukimuona piga", watu wanaforwadi mpaka kwa shangazi zao walioko Mwanza, alafu siku ya tatu inadondoka meseji moja fupi, KAPATIKANA YUPO SALAMA, TUNAMSHUKURU MUNGU, na emoji za mikono kibao, basi imeisha hiyo, watu wanarudi kwenye mambo ya Simba na Yanga. Ila kwa wanaofanya kazi ya ulinzi wa mtoto, hapo kazi imefika nusu tu. Nusu iliyobaki ndo leo naielezea, maana wengi wetu hatujui hata kama ipo.

Mahojiano ya kurudi ni maongezi ambayo mtu mzima mmoja anakaa na mtoto aliyepatikana, wawili tu, muda mfupi baada ya kupatikana, na huyo mtu mzima siyo mzazi, siyo mwalimu wake, na ikiwezekana siyo yule askari anayepeleleza kesi. Anataka kujua mtoto alikuwa anakimbia nini, huko alikokuwa kilimpata nini au nani alikuwa nae, na kitu gani kifanyike ili asiondoke tena. England wameliweka kabisa kwenye mwongozo wa serikali wa mwaka 2014, halmashauri inatakiwa impe mtoto nafasi ya maongezi hayo ndani ya saa 72 tangu apatikane, na anayeongea nae awe mtu huru, yaani asiyehusika na malezi yake. Polisi wao wanamuona kwanza, wanaangalia kama ana majeraha, kama kuna mtu wa kukamatwa, ila hilo ni zoezi lingine, halichukui nafasi ya yale maongezi.

Kwetu hutalikuta jina hilo kwenye Sheria ya Mtoto ya 2009, ila ukiisoma unaona vipande vyake vyote vimo humo. Mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, maslahi yake ndo yanatangulia kwenye kila uamuzi unaomhusu, ana haki ya kusikilizwa, na halmashauri ina wajibu wa kulinda watoto walioko kwenye eneo lake, wajibu ambao unafanywa na afisa ustawi wa jamii. Ongeza Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi na unakuwa na watu wawili ambao mtoto aliyepatikana anatakiwa kupita mikononi mwao kabla hajarudishwa kokote. Kabla. Mi naona kwenye hilo neno ndo mambo yote yanapoharibikia, kwa sababu tulivyozoea ni mtoto anapatikana, baba anapigiwa simu, anakuja na bodaboda, anasaini, wanaondoka, na kama kuna wa kumuuliza mtoto kitu anaulizwa pale pale kaunta baba yake amesimama pembeni kavuta mdomo. Unategemea atasema nini?

Hapa niende taratibu kidogo. Kijana wa miaka 14 au 15 haamki tu asubuhi akaacha kitanda chake akaenda kulala stendi kwenye baridi ya Julai, na Julai ya Arusha mnaijua. Kuna kitu kinamsukuma au kuna mtu anamvuta, mara nyingi vyote viwili. Kuna wanaotoroka kwa sababu ya matokeo ya mtihani na kipigo wanachojua kinawasubiri, na hao ndo kila mtu anadhani ndo wote. Kuna mabinti wa upande wa Longido na Monduli wanaoondoka karibu na likizo ya Desemba kwa sababu wameshasikia bibi na mashangazi wanapanga ukeketaji, kitu ambacho sheria ya mwaka 1998 ilishakiharamisha kwa msichana wa chini ya miaka 18, sasa huyo ukimkuta Ngaramtoni ukampakia kwenye gari ukamrudisha boma kwa sababu "wazazi wake wana wasiwasi" unakuwa umemrudisha kwenye kisu. Kuna wavulana wanaokwenda Mirerani kutafuta hela kwenye machimbo ya tanzanite, wale wadogo wanaopenya mashimo membamba wanaitwa nyoka, na ukimuuliza vizuri unagundua hajakimbia nyumbani kwa ukorofi, nyumbani hakuna chakula na mama yake anajua alipo. Kuna binti aliyeshawishiwa na dereva boda ambaye anamnunulia chipsi, kwenye akili yake yeye amekwenda kwa mpenzi wake, kwenye sheria yule jamaa ana kesi ya ubakaji maana binti hajafika 18 na ridhaa yake haihesabiki. Na kuna yule wa nyumbani ambaye hatari iko ndani ya nyumba yenyewe, baba wa kambo, mjomba, kaka mkubwa, huyo hata umuulize mara kumi mbele ya familia atakwambia "nilikwenda kwa rafiki".

Hao wote kwenye grupu walipewa tangazo lile lile, na wote wameandikiwa "kapatikana yupo salama". Kumrudisha bila kuongea nae ni sawa na kumpa mtu panadol homa ikashuka ukamwambia nenda nyumbani bila kupima malaria.

Alafu kuna hii ambayo watu hawaifikirii kabisa, anayetoa taarifa ya kupotea sio lazima awe ndo mtu sahihi wa kukabidhiwa mtoto. Chukua dada wa kazi wa miaka 15 kaletwa Njiro, hapa Arusha, kutoka Kondoa au Singida, hajalipwa miezi, anapigwa, usiku mmoja anaruka geti. Nani anakwenda polisi kuripoti? Bosi wake. Tena anaripoti kwa uchungu kabisa, na pengine anasingizia kaiba simu ili atafutwe haraka. Askari akimpata Usa River akamrudisha kwa "mama yake" wa Njiro anakuwa ameshiriki kurudisha mtoto utumwani bila kujua, na Tanzania tuna sheria ya kuzuia biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu tangu 2008, inayomhusu mtoto kama huyo moja kwa moja kama alichukuliwa ili atumikishwe. Kwahiyo swali la kwanza la afande lisiwe "wazazi wako wapi waje wakuchukue", iwe kwanza huyu anayekutafuta ni nani kwako.

Sasa masaa ya mwanzo yanatakiwa yaweje. Mtoto anywe maji, ale, apate sehemu ya kukaa ambayo sio lokapu. Kutoroka nyumbani sio kosa la jinai hapa kwetu, hakuna kifungu cha kumshtakia, kwahiyo kumuweka mahabusu "ili asikimbie tena" haina msingi, na hata mtoto mwenye kesi kweli sheria inakataza kumchanganya na watu wazima. Arusha na Moshi zina mahabusu za watoto, zipo kwa ajili ya watoto wenye kesi, sio stoo ya kumhifadhia mtoto ambaye hana kosa. Hata Marekani, ambako majimbo mengine yalikuwa yanafunga watoto kwa kutoroka tu, sheria yao ya 1974 iliyabana majimbo yanayotaka hela ya serikali kuu yaache kuwafungia watoto kwa makosa ambayo mtu mzima akiyafanya sio makosa. Kama nyumbani si salama na hakuna ndugu wa kuaminika, ustawi wanaweza kumpeleka kwa familia waliyoihakiki au kwenye makao ya watoto kwa muda, huku wanachunguza.

Hospitali isisubiri. Kama kuna uwezekano wowote kaingiliwa, saa 72 ndo mwisho wa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU na kila saa inavyopita nguvu yake inapungua, kwahiyo mtoto aliyepotea Ijumaa akapatikana Jumapili hana muda wa kusubiri Jumatatu ofisi zifunguliwe. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inatolewa kituoni, hospitali za Mawenzi (Moshi) na Mount Meru (Arusha) wanaijua vizuri, lakini mtoto mwenye hali mbaya anatibiwa kwanza fomu inafuata. Na mama jamani, najua mkono unawasha kumuogesha na kufua zile nguo, msifue, ziwekeni kwenye mfuko wa karatasi zipelekwe kama zilivyo.

Maongezi yenyewe sasa. Yanafanyika akishapumzika, sehemu ambayo watu hawapiti pitii na mafaili, binti akitaka aongee na mwanamke apewe mwanamke. Huanzi na "kwanini ulitoroka" maana hilo swali kwa mtoto wa Kitanzania ni mlango wa viboko, unaanza na kitu kama "hebu niambie siku ile ilikuwaje tangu umeamka", alafu unanyamaza. Unamwambia mapema siri ina mpaka wake, kwamba ukisikia kuna mtu anamuumiza itabidi wengine wajue, ila utamwambia yeye kwanza nani ataambiwa na kwanini. Mtu anayemwahidi mtoto "sitamwambia mtu" alafu kesho anaita kikao cha ukoo, huyo mtoto hataongea tena na mtu mzima yeyote mpaka anaoa. Na asipotaka kuongea siku hiyo haburuzwi, anapewa nafasi nyingine.

Vitu ambavyo havitakiwi kabisa, nitapita haraka. Kumchapa pale kituoni huku watu wanacheka "mfundishe adabu". Kumpiga picha amesimama katikati ya askari kama jambazi. Kumlazimisha aombe msamaha mbele ya kamera ili video irushwe. Kumpima ubikira kwa kumuuliza maswali mbele ya wazee wa ukoo. Yote hayo yanafanyika na yote yanamfundisha somo moja, kwamba siku nyingine ukiondoka nenda mbali zaidi.

Picha pia. Wakati anatafutwa kusambaza sura yake na jina la shule ilikuwa msaada, akishapatikana inageuka, maana miaka mitano baadae mtu ana-google jina lake kwa ajili ya kazi anakuta "binti aliyetoroka na bodaboda". Anayetoa tangazo la kupatikana, awe familia au polisi, aseme kapatikana, asante, naomba mfute picha, na asiongeze alikuwa wapi wala na nani. Admini wa magrupu wafute kweli, najua hapa nawaonea ila ndo hivyo.

Shule nayo inahitaji kuambiwa kiasi, sio stori nzima. Mwalimu wa malezi ajue mtoto anarudi na asisimamishwe mstarini. Na kama karudi na ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali ilisharuhusu wanafunzi waliojifungua kurudi kwenye mfumo rasmi wa shule, kwahiyo mkuu wa shule anayesema "huyu hapa basi" anaongea mambo ya zamani.

Swali ambalo huwa linafuata ni je ukifika kituoni ukaambiwa "mtoto si kapatikana, kamalizaneni nyumbani"? Omba Dawati kwa jina, uliza faili linafungwa na nani na limeandikwa nini. Ikishindikana nenda ofisi ya ustawi ya halmashauri, iwe Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, au anza kwa mtendaji wa mtaa wako akupeleke. Au piga 116, ni namba ya taifa ya msaada kwa mtoto, ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga bila kumuomba mtu ruhusa, kwahiyo muandikieni kwenye karatasi aondoke nayo. Na akiondoka mara ya pili msiseme "huyu kazoea" mkasubiri masaa 24, Sheria ya Mtoto haina kitu kama hicho, nendeni polisi siku ile ile mkafungue RB (namba ya taarifa) mpya, mkiwa na yale aliyoyasema mara ya kwanza, kama kuna mtu alimsikiliza.